Mtoto Alisema Ukweli, Mfumo Ukanyamaza: Uchambuzi wa Kisa cha Kurbo

Tuanze na sehemu ndogo ya skrini: ukurasa wa wasifu, mstari wa tarehe ya kuzaliwa. Mtoto ameshapita mlangoni kwa kudai ana miaka 13 na zaidi, na sasa yumo ndani. Siku moja anafungua wasifu wake na kuirekebisha ile tarehe iwe ya kweli. Tuseme kwa tarehe mpya ana miaka 9. Anabonyeza hifadhi, mfumo unahifadhi. Kisha anaendelea kujaza uzito wake na alichokula mchana, kama jana na juzi.

Kwa mujibu wa hati ya mashtaka ya serikali ya Marekani, mamia ya watumiaji wa programu ya simu iitwayo Kurbo walifanya hivyo. Walijisajili kama watu wa miaka 13 na kuendelea, baadaye wakabadili tarehe zao za kuzaliwa zikaonyesha kwamba hawajafika umri huo, na bado wakaendelea kuitumia huduma. Hakuna kengele iliyolia, na mzazi hakutafutwa. Kesi hii ina mambo mengi, lakini mimi kila nikiirudia narudi kwenye mstari ule mmoja. Watoto walidanganya kuingia, kisha wakasema ukweli wenyewe bila kuulizwa, na aliyeambiwa akajitia hamnazo.

Kurbo ilianza California kama kampuni changa, ikiwa na lengo la kuwasaidia watoto na vijana kudhibiti uzito. Mwaka 2018 ilinunuliwa na WW International, kampuni iliyojulikana duniani tangu 1963 kwa jina la Weight Watchers, ambayo mwaka huohuo wa 2018 ilibadili jina na kujiita WW. Agosti 2019 Kurbo ikazinduliwa rasmi chini ya mwavuli huo mpya, kwa watumiaji wa miaka 8 hadi 17. Mtoto alikuwa akiandika anachokula, na programu inakipa chakula rangi ya taa za barabarani: kijani kula, njano angalia, nyekundu punguza. Alikuwa pia akijaza mazoezi aliyofanya, urefu na uzito wake. Aliyelipia alipata na mkufunzi wa kuzungumza naye.

Uzinduzi ule ulizua kelele. Wataalamu wa matatizo ya ulaji na wazazi wengi walihoji kama kumpa mtoto wa miaka 8 daftari la kuhesabu chakula ni tiba au ni kumtafutia ugonjwa mwingine. Mjadala huo ni mzito, lakini si uliofika mahakamani. Kilichofika mahakamani ni swali kavu zaidi: zile taarifa zilichukuliwa kwa ruhusa ya nani?

Kabla hatujaendelea, niseme kwa nini kisa hiki cha programu ya simu kinahusu pia saa janja na bangili za mazoezi wanazovaa watoto. Kurbo haikuwa kifaa cha kuvaliwa. Mtoto alijaza mwenyewe kwa vidole kile ambacho leo saa inakivuna mkononi mwake bila kumuuliza. Aina ya taarifa ni ileile, yaani mwili, mwendo, uzito na mazoea ya siku, na mlango wa kuingilia ni uleule: fomu yenye jina, barua pepe na tarehe ya kuzaliwa. Tofauti ni kwamba saa hailali.

Sheria iliyotumika ni ile ya Marekani ya kulinda faragha ya watoto mtandaoni, maarufu kwa kifupi chake COPPA. Ilipitishwa 1998, na kanuni zake zikaanza kufanya kazi Aprili 2000. Inamhusu mtoto wa chini ya miaka 13, na inazibana huduma za namna mbili: ile inayolenga watoto, na ile isiyowalenga lakini inayojua kwa hakika kwamba inakusanya taarifa za mtoto. Huduma ya namna hiyo inatakiwa imjulishe mzazi moja kwa moja nini kinakusanywa na kwa nini, na ipate ridhaa yake kwa njia inayoweza kuthibitishwa, kabla ya kuchukua chochote. Mzazi awe na haki ya kuona kilichokusanywa na kuagiza kifutwe. Na taarifa zisikae muda mrefu kuliko kazi iliyozileta.

Watu wengi husoma ule umri wa miaka 13 kama marufuku, kwamba aliye chini yake haruhusiwi kuingia. Sivyo. Sheria haimkatazi mtoto wa miaka 9 kuvaa saa wala kutumia programu. Inachosema ni kwamba ukimpokea, umtafute mzazi wake. Huduma nyingi zinaandika kwenye masharti yao "miaka 13 na kuendelea" kwa sababu kumtafuta mzazi ni gharama na usumbufu, na njia ya mkato ni kutangaza kwamba watoto hawapo. Ndiyo maana swali la umri kwenye fomu nyingi halina uzito wowote. Ni danganya toto, isipokuwa hapa toto ndilo linalodanganya.

Kwa Kurbo hata hiyo njia ya mkato haikuwepo. Huduma iliyojitangaza kwa watoto wa miaka 8 haiwezi kugeuka na kusema watoto walijipenyeza.

Sasa tuutazame mlango wenyewe. Hadi mwishoni mwa 2019, anayejisajili alipewa njia mbili: aseme kwamba ni mzazi anayemsajili mtoto wake, au aseme kwamba ana miaka 13 na zaidi na anajisajili mwenyewe. Jiweke kwenye kiti cha mtoto wa miaka 10 anayesoma maneno hayo. Skrini imeshamwambia jibu. Hajaulizwa "umezaliwa lini?" akajibu bila kujua kipi kitamfungia mlango, ameambiwa wazi kwamba ukiwa chini ya 13 lazima mzazi ahusike, ukisema umefika 13 pita. Kinachotakiwa ni swali lisiloegemea upande: uulize tarehe ya kuzaliwa bila kudokeza ni ipi inayofaa, na usimruhusu aliyekataliwa arudi nyuma sekunde ileile akaandike mwaka mwingine. Ni jambo dogo la usanifu, la mstari mmoja au miwili ya maandishi, lakini ndilo linalotenganisha kuuliza na kufundisha kudanganya.

Baada ya maofisa wa Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, kuwasiliana na kampuni hizo, mlango ulifanyiwa marekebisho mwaka 2020. Yale maneno ya miaka 13 yakaondolewa. Lakini kwa mujibu wa hati ya mashtaka, bado hapakuwa na namna ya kuhakikisha kwamba aliyechagua njia ya mzazi ni mzazi kweli. Mtoto aliyekuwa akisema "nina miaka 13" sasa angeweza kusema "mimi ni mama". Rangi mpya, komeo lilelile bovu.

Hapa niwatetee wahandisi kidogo. Kuthibitisha kwamba mtu aliye upande wa pili ni mzazi si kazi nyepesi. Kanuni zinataja njia zinazokubalika: fomu iliyosainiwa na kurudishwa, malipo kwa kadi ambayo mwenye akaunti atapata taarifa yake, simu au video kwa mfanyakazi aliyefunzwa, kitambulisho kinacholinganishwa na kumbukumbu rasmi. Kila moja inamchosha mteja, na kila anayechoka anaondoka. Zaidi ya hapo kuna kitendawili: ili kulinda faragha ya mtoto, unaomba kitambulisho cha mzazi, yaani unakusanya taarifa nyingine nyeti. Naelewa. Ila kampuni iliyojenga biashara yake juu ya watoto wa miaka 8 ilikuwa na deni la kulitatua hilo kabla ya kufungua duka, si baada ya kugongewa hodi na serikali.

Kosa la pili lililotajwa ni la taarifa kwa wazazi. Haikumfikia mzazi moja kwa moja ikiwa kamili. Ilikuwa imefukiwa ndani ya msururu wa viungo, kimojawapo kati ya vingi ambavyo mtu angebonyeza kwa hiari yake. Sina mengi ya kusema juu ya hili. Kila aliyewahi kutafuta sera ya faragha kwenye simu yake anajua.

La tatu ndilo linalopuuzwa zaidi: muda. Taarifa za watoto zilihifadhiwa bila kikomo, na kufutwa kulitegemea mzazi aombe. Linganisha hilo na makosa mawili ya kwanza. Mzazi ambaye hakujulishwa ipasavyo, ambaye pengine hajui kabisa kama mwanawe amejisajili, ndiye anayesubiriwa aandike barua ya kuomba taarifa zifutwe. Mtoto akaichoka programu baada ya wiki tatu, akahamia kwenye mchezo mwingine, lakini uzito wake wa mwaka ule na orodha ya alivyokula vikabaki kwenye seva, vikimsubiri awe mtu mzima.

Wizara ya Sheria ya Marekani ilifungua shauri kwa niaba ya FTC, na Machi 2022 makubaliano yakatangazwa. Pande husika zilisuluhishwa bila kesi kusikilizwa hadi mwisho, kwa hiyo niliyoyaeleza hapo juu yabaki kuwa madai ya serikali, si hukumu ya hakimu. Faini ilikuwa dola milioni 1.5. Data zilizokusanywa kinyume cha sheria ziliamriwa kufutwa. Kwa siku za mbele, data za mtoto wa chini ya miaka 13 zisihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja tangu alipoitumia programu mara ya mwisho. Na kampuni ziliamriwa kuharibu algoriti au modeli yoyote, yaani kanuni na programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na data, iliyotengenezwa kwa kutumia data hizo.

Vyombo vingi vya habari vilishika ile milioni 1.5. Kwangu hiyo ni bei ya kufanyia biashara. Kampuni kubwa inaiandika kwenye vitabu na kusonga mbele. Agizo la kuharibu algoriti ndilo lenye meno. Mwaka mmoja nyuma FTC ilikuwa imeitumia fimbo hiyohiyo dhidi ya kampuni ya kuhifadhi picha ya Everalbum. Sababu yake ni rahisi kuiona. Data ukishaitumia kufundishia modeli, kuifuta data peke yake ni kumwagia maji sufuria tupu: chakula kimeshaliwa, kimeshakuwa nguvu mwilini. Kama mwizi anaruhusiwa kubaki na nyumba aliyoijenga kwa matofali ya wizi ili mradi arudishe risiti, ataiba tena. Agizo hili linasema nyumba nayo ibomolewe.

Turudi sasa mkononi, kwenye saa. Saa janja au bangili ya mazoezi ina vihisi vya mwendo, mara nyingi na taa ndogo ya kijani chini yake inayomulika ngozi ili kusoma mapigo ya moyo. Inajua hatua, usingizi, na kama ina GPS, inajua njia. Ili takwimu hizo ziwe na maana, inamwomba mvaaji aseme umri, jinsia, urefu na uzito. Maana yake umri kwenye kifaa hiki si suala la kisheria tu. Ni kiungo cha hesabu.

Nikiri jambo. Nimewahi kumsajilia mpwa wangu wa miaka 9 bangili ya namna hii, na fomu ilipokataa mwaka wake wa kuzaliwa, nikaweka wangu. Sekunde tano tu, hata sikufikiri. Siku chache baadaye akaja asubuhi macho mekundu, anapiga miayo, ananionyesha mkono: "Mjomba, saa inasema nimelala vizuri sana." Nikaangalia. Usingizi wa saa 7. Kwa mtu mzima, saa 7 zinatosha. Mtoto wa umri wake anapendekezewa kati ya saa 9 na 12. Saa haikukosea hata kidogo. Ilimpongeza mtu niliyeiambia kwamba ndiye aliyevaa.

Moyo nao hivyohivyo. Vifaa vingi hukadiria kiwango cha juu cha mapigo kwa ile kanuni ya 220 ukitoa umri. Ukiiambia saa mvaaji ana miaka 35, kilele chake kinawekwa 185. Mtoto akicheza mpira kidogo tu, mapigo yanapanda kama yanavyopanda kwa watoto wote, na skrini inamwonyesha yuko karibu na ukomo. Tena kanuni yenyewe ni ya kukadiria watu wazima. Hata ungeandika umri wa kweli, isingemfaa sana. Kalori ndiyo mbaya zaidi, maana huko kuna lengo la kila siku, na lengo lililokokotolewa kwa mwili wa mtu mzima likimkalia mtoto anayekua, tunarudi kwenye ile kelele ya Agosti 2019.

Kwa hiyo uongo wa umri una hasara mbili kwa wakati mmoja. Unamtoa mtoto kwenye ulinzi wa sheria, maana machoni pa mfumo yeye ni mtu mzima: wasifu wake unaweza kuwa wazi kwa wengine, ramani ya mbio zake inaweza kuanzia na kuishia mlangoni kwao na mtu yeyote akaiona. Na unamharibia huduma yenyewe aliyoitafuta. Anayenufaika ni mmoja, mwenye huduma, ambaye amepata mtumiaji mpya bila kumtafuta mzazi.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Mwaka 2018 Fitbit ilitoa bangili ya watoto, Ace, ambayo mtoto hafungui akaunti yake. Mzazi ndiye mwenye akaunti ya familia, na mtoto anawekwa ndani yake, akiwa na mwonekano wake usio na mambo kama uzito na kalori. Mpangilio huo unalikata swali la umri kwenye shina. Huulizi mtoto ana miaka mingapi ukitumaini hatadanganya. Mtu mzima ndiye anayeingia kwanza, na mtoto anaingia kwa mgongo wake. Si kinga kamili, maana bado taarifa zinakwenda kwa kampuni, lakini angalau kuna mtu mzima anayejua.

Wengine hudhani sheria za siri za wagonjwa zitamkinga mtoto, kwa kuwa mapigo ya moyo na uzito ni mambo ya afya. Marekani sheria hiyo, HIPAA, inazibana hospitali, madaktari, bima na wanaowafanyia kazi. Kampuni inayokuuzia bangili moja kwa moja haimo. Uzito uleule ukipimwa na muuguzi ni siri ya mgonjwa. Ukiandikwa kwenye programu ni taarifa ya mteja. Ulaya mambo ni tofauti: kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, GDPR, inaziweka data za afya kwenye kundi la pekee, na umri ambao mtoto anaweza kujitolea ridhaa mtandaoni ni miaka 16, ingawa kila nchi mwanachama inaruhusiwa kuushusha hadi 13. Mtoto mmoja wa miaka 14, akiwa na saa ileile, akivuka mpaka tu anageuka kutoka mwenye kauli na kuwa anayehitaji ruhusa.

Swali linalobaki baada ya Kurbo ni la neno moja: kujua. Kwa huduma isiyolenga watoto, sheria inauliza kama kampuni ilijua kwa hakika. Watoto wa Kurbo waliandika umri wao wa kweli kwenye wasifu, hivyo ushahidi ulikaa kwenye hifadhidata ya kampuni yenyewe. Lakini saa ambayo imeambiwa mvaaji ana miaka 35, kisha ikapewa urefu wa sentimita 130 na kilo 28, na kila usiku inasoma mapigo ya kupumzika yaliyo juu kuliko ya kawaida ya mtu mzima, hiyo haijui? Kisheria, takwimu za mwili peke yake si sawa na tarehe iliyoandikwa. Kwa akili ya kawaida, kampuni inayojisifu kwamba kifaa chake kinatambua umelala usingizi wa aina gani haiwezi kudai kwamba haikutambua mvaaji ni mtoto. Sisemi kila kampuni ichunguze miili kutafuta watoto; hilo lingekuwa balaa jingine la faragha. Nasema udhuru wa "hatukujua" una sura moja kwenye tovuti ya habari na sura nyingine kabisa kwenye kifaa kinachopima mwili.

Kanuni za COPPA zilirekebishwa 2025, zikaanza kutumika Juni 23 mwaka huo, na kampuni zikapewa hadi Aprili 22, 2026 kutimiza sehemu kubwa ya masharti mapya. Kuhifadhi data za mtoto bila kikomo sasa kumekatazwa kwa maneno ya wazi, na kila huduma inatakiwa iwe na sera ya maandishi inayosema data zitakaa muda gani. Kugawia wengine taarifa za mtoto, pale ambapo si sehemu ya lazima ya huduma yenyewe, kunahitaji ridhaa ya pekee, isiyofungwa pamoja na ile ya kutumia huduma. Na kwenye orodha ya taarifa binafsi vimeongezwa vitambulishi vya mwili: alama za vidole, sauti, sura, na kitu ambacho watengenezaji wa saa wanapaswa kukisoma mara mbili, mtindo wa mtu wa kutembea. Hatua za mtoto zinaweza kumtambulisha.

Kuhusu ule mstari wa tarehe ya kuzaliwa, hofu yangu ni kwamba baadhi watajifunza somo la upande usiofaa. Kilichoiponza Kurbo ni mfumo uliomruhusu mtoto kurekebisha umri wake bila mtu wa kushughulika na alichorekebisha. Tiba ya kweli ni mfumo kusimama pale pale, kusitisha ukusanyaji na kumtafuta mzazi. Ya bei rahisi ni kuifunga ile sehemu isiharirike tena, ili aliyeingia na mwaka wa uongo abaki nao. Ukifungua wasifu kwenye saa ya mwanao, jaribu kuibadili tarehe uone kinachotokea.